Nafasi ya Kumi

Cirhuza alifia hospitalini Liverpool, hii ya hapa Sydney, si ya Uingereza, Agosti ya 2021. Si korona, ni moyo. Nasema mapema kwa sababu kila niliyempigia simu aliuliza hilo kwanza, kabla hata ya kunipa pole.

Tulikuwa tumefungiwa. Huku kwetu askari walikuwa wanagonga milango na helikopta inapita juu ikituambia turudi ndani, na watu wa mji huuhuu wa kule baharini tunawaona kwenye televisheni wakitembea mchangani na kahawa mkononi. Mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Mhubiri na wafanyakazi wa makaburi hawahesabiwi, lakini wengine wote ni kumi, basi.

Mimi na Cirhuza tulitoka Uvira pamoja mwaka 1996. Tukakaa Kigoma, tukakaa Lusaka, tukauza mitumba Maputo. Mara tatu nilimchoka nikaondoka bila kuaga, na mara tatu alinitafuta mpaka akanipata. Hata Australia alitangulia yeye, ndiye aliyenijazia fomu. Kwa hiyo kumzika ilikuwa kazi yangu, na sikuwa na nyingine.

Nilihesabu kwa vidole. Mkewe Léocadie, watoto watano, wakwe wawili, dada yake. Tisa. Wa kumi mimi. Nikampigia Niyonsaba, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakongo na Warundi, kwa sababu orodha alikuwa nayo yeye. Akasema imejaa. Nikadhani ametokea mkwe mwingine. Akanishauri nimwombe mheshimiwa anitafutie kibali cha mtu wa kumi na moja.

Mheshimiwa ni Jerusha Ogutu, mbunge wetu. Si bunge la taifa lile la Canberra, ni hili la jimbo, hapa mjini. Mkenya, nesi wa wazee kwa miaka kumi na minne. Alipogombea mwaka 2019, mimi na Cirhuza tulimbandikia picha kwenye nyua na kugawa karatasi kituo cha treni mvua ikitunyeshea. Alishinda. Hotuba yake ya kwanza bungeni alitutaja, wazee wawili waliolowa, na Cirhuza aliirudia ile video hadi mkewe akamnyang'anya simu.

Nilifikiri mtu akishakuwa mbunge anasema jambo, linakuwa. Kumbe kazi ni barua. Yeye ni wa upinzani, tena wa kiti cha nyuma, hana cheo, na siku ya kupiga kura chama chake cha siasa ndicho kinachomwambia akae upande gani. Halafu ikaja korona, bunge lenyewe likaahirishwa. Mtunga sheria hana pa kutungia. Sheria zikawa zinatoka kwa sahihi ya waziri, zinatangazwa saa tano asubuhi kwenye televisheni, na Jerusha anazisikia saa ileile ninayozisikia mimi nikiwa na sufuria ya uji. Aliwahi kuniambia hivyo mwenyewe, akacheka vibaya.

Nilipompigia hakunipeleka kwa msaidizi. Aliniambia, mzee wangu, nipe siku mbili. Akamwandikia waziri. Akaandika tena. Akaandika ya tatu, akapiga na simu. Jibu lililokuja lilikuwa namba, kwamba ombi limepokelewa na namba yake ndiyo hii. Nikamuuliza kama hiyo namba inashika koleo. Hapohapo nikaona nimemkosea.

Siku moja kabla ya mazishi Léocadie akanipigia. Alikuwa analia tangu Jumatano, siku aliyofiwa, lakini kilio hiki kilikuwa cha hasira. Mtu wa kumi, alisema, ni mheshimiwa. Niyonsaba ameamua lazima pawe na mgeni rasmi, na mwaliko umeshakwenda.

Nikampigia Niyonsaba.

"Shughuli gani ya chama uliwahi kuona haina mgeni rasmi?" akaniuliza.

"Haya ni mazishi."

"Ndiyo maana. Mwanzilishi wa chama tumzike kimyakimya, kama tumemwiba?"

Nikamwambia basi amwondoe. Akasema kumwambia mbunge asije ni aibu ya Wakongo na Warundi wote wa Sydney, na kama mimi naiweza hiyo aibu, simu ninayo. Niliishika simu. Jina la Jerusha nililifungua. Kisha nikaiweka mezani. Unampigiaje mheshimiwa kumwambia usije? Hapo nilikuwa mjinga sawasawa na Niyonsaba, na sitamsingizia peke yake.

Makaburi yako kilomita nne kutoka kwangu, na mazoezi yaliruhusiwa mwisho kilomita tano. Nikavaa suti na raba nikaenda kwa miguu, nikasimama nje ya uzio. Niyonsaba alikuwa langoni na orodha yake. Yeye mwenyewe hakujiweka ndani, hilo nampa.

Tulipewa saa tano kamili hadi saa sita kasoro dakika ishirini, baada ya hapo ni zamu ya familia nyingine. Saa tano ikafika. Jeneza liko pale, watu tisa wamesimama wameachana, mhubiri ameshika Biblia. Niyonsaba akampungia mkono asubiri. Shughuli haianzi mgeni rasmi hajafika. Robo saa ikapita. Léocadie aligeuka akaniangalia kupitia waya, nikashindwa kumtazama.

Saa tano na nusu Jerusha akaja mbio kutoka kwenye gari, barakoa imepanda hadi machoni. Chama chake cha siasa kilikuwa na mkutano kwa kompyuta, na humo alikuwa anaulizia hiyo sheria ya mazishi. Akaniona, akanijia mimi kwanza.

"Mzee wangu, nimeandika barua tatu kukutafutia nafasi moja. Wamekataa kunijibu. Nisamehe."

"Nafasi unayo wewe," nikamwambia.

"Ipi?"

"Ya kumi. Wameandika jina lako."

Akamgeukia Niyonsaba. Niyonsaba akaangalia orodha kana kwamba itamsemea.

"Mimi nilijua nakuja kutoa pole hapa langoni," Jerusha akasema. Kisha kwangu, "Umejua lini?"

"Jana."

"Na namba yangu unayo."

Nikaangalia raba zangu.

"Wekeni wageni mahali pengine," akasema polepole. "Mimi nilichaguliwa kufanya kazi."

Akamwambia Niyonsaba alikate jina lake. Msimamizi wa makaburi, kijana mstaarabu tu, akasema majina yameshaingia ofisini, kubadilisha lazima apige simu. Akapiga. Simu ikaanza kumwimbia muziki. Tulisimama watatu tukiusikiliza, mbunge, mwenyekiti na mimi, na ng'ambo ya uzio mhubiri ameanza, ameona asisubiri tena. Mwishowe yule kijana akatazama saa, akakata simu, akanifungulia lango.

Nilipofika jeneza lilikuwa linashuka. Nilitupa udongo mara mbili. Nilitaka kumwambia kitu, lakini mhubiri alikuwa anasema amina na gari la familia nyingine limeshaegeshwa. Dakika nne.

Nilipotoka Jerusha alikuwa bado pale, ameshika waya wa uzio. Hakutoa hotuba. Niyonsaba alinuna wiki nzima.

Barua ya wizara ilikuja Oktoba. Jerusha alinitumia picha yake kwa simu, bila neno. Wanasikitika, mtu wa kumi na moja hawezi kuruhusiwa.

Nikamjibu kwamba tulikuwa kumi.