Chupa za Jikoni kwa Mama Israël

Goreth alikuwa mama wa kuogopa. Mtoto wake wa pekee, Israël, alikuwa mwanaume mzima mwenye ndevu zake, lakini kila asubuhi akishuka kutoka Berea kwenda saluni Glenwood, ambako alikuwa kinyozi, simu ya mama yake ilimkuta hata kona ya kwanza hajaipita.

"Usitoe simu njiani. Usipande taxi yenye watu wawili tu. Ukiona watu wanaimba wameshika fimbo, wanatafuta wageni, ingia duka lolote."

"Maman, sasa nitaibiwa simu kwa sababu ya kupokea simu yako."

Yeye alicheka, Goreth hakucheka. Alimbeba huyo mtoto mgongoni tangu Uvira, wakavuka mipaka ambayo mingine hata jina lake hakulijua. Hakumvusha kote huko ili aje kumzika Durban.

Kazi yake ilikuwa usafi kwenye hoteli moja karibu na bahari, upande wa baa. Kila siku zilibaki chupa tupu za whisky, nzuri, nzito, zingine na maboksi yake. Mwanzoni alizitupa. Halafu akaja Doudou, kijana wa kwao, mwenye bakkie nyeupe, gari dogo la mizigo, na adabu nyingi, mtu wa kumsalimia mama kwa mikono miwili.

"Mama Israël, zile chupa usitupe. Niletee na vifuniko vyake. Naweka mafuta ya nywele, wateja wanapenda chupa ya heshima. Ila lebo isilowane, tafadhali."

Mafuta ya nywele yanataka lebo ya whisky ya nini? Swali hilo lilimjia Goreth siku ileile ya kwanza, akaliacha lipite. Doudou hakumpa pesa. Alichukua mtungi wake wa gesi ukiwa mtupu, akaurudisha umejaa, akaupandisha mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu. Mwanamke mjane mwenye magoti mabovu akishapandishiwa gesi hivyo, ulimi unakuwa mzito kuuliza.

Basi akawa anaosha chupa. Aliifunga lebo kwa plastiki na mpira, akatia maji ya moto, sabuni na punje za mchele ndani, akatikisa mpaka kioo kikang'aa, kisha akazipanga juu ya kitambaa midomo ikiangalia chini. Aliifanya kazi hiyo vizuri, maana hakujua kufanya kitu vibaya. Na kwa kuwa wanawake watatu wa jengo lile walimwoshea Doudou, na hawakutaka zichanganyike, kila mmoja aliweka nukta ya rangi ya kucha chini ya kila chupa. Jirani mmoja alichukua nyekundu, mwingine zambarau. Goreth alichukua kijani, kichupa ambacho Israël alikitoa saluni baada ya wateja wote kukikataa.

Kisha redio ikaanza kusema. Watu walikuwa wamekufa mahali fulani kusini ya mji baada ya kunywa pombe kali ya bei rahisi. Serikali ikatangaza kwamba wakaguzi wanapita duka kwa duka, na kwamba mtu yeyote asinunue pombe iliyotengenezwa na watu wasio na leseni. Goreth akamsubiri Doudou mlangoni.

"Doudou, mwanangu, hii habari ya redio inakuhusu?"

"Eish, Mama! Mimi niko na sura ya kuua mtu?" Alishika kifua kama mtu aliyechomwa. "Leseni ni mambo ya viwanda vikubwa. Serikali inalilia kodi yake, basi. Wewe unaosha chupa. Kuosha chupa iko kosa?"

Goreth aliona jibu hilo linamtosha. Mimi naosha chupa tu, akajiambia, mambo ya leseni ni ya wenye viwanda. Kisha akachukua simu, akampigia mtoto wake.

"Israël, usinywe vitu vya huko nje."

"Maman, mimi nakunywa Fanta."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimlinda, simu sikioni na chupa nyingine ikitikisika mkononi.

Mwezi uliofuata Israël alikuwa anakwenda kutoa mahari. Msichana aliitwa Lulu, na baba yake alikuwa Mzee Protas, Mtanzania wa Kigoma, fundi wa friji mwenye nyumba yake Queensburgh. Wakwe walitaka vitenge vya mama, suti ya baba, blanketi la bibi, na chupa moja ya whisky ya maana. Vitenge na blanketi Goreth alivichagua mwenyewe. Whisky alimwachia Israël, maana mambo ya pombe hakuyajua. Israël akanunua mbili kwenye duka la simu karibu na saluni, ambako walikuwa wanauza chini ya kaunta kwa bei nzuri. Moja ilifungwa ndani ya boksi lake kwa karatasi ya zawadi na utepe. Nyingine alimpa rafiki yake Peguy, siku moja kabla, kumshukuru kwa kuwa gari lake ndilo litakalowabeba.

Jumamosi mchana wakapanda gari: Goreth na wazee wawili wa kanisa nyuma, Israël mbele karibu na Peguy. Peguy alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa kimya na anakunja uso.

"Kichwa kinauma," alisema. "Jana nilisherehekea kabla yenu."

"Bwana harusi ni mimi, mning'inio wa pombe ni wako," Israël akamtania.

Walipofika kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, Peguy alipunguza mwendo, akainamisha kichwa juu ya usukani.

"Robot iko rangi gani?"

Wote wakacheka. "Huyu whisky imemlamba vizuri!" akasema mzee mmoja.

"Sicheki. Iko rangi gani? Naona kama kuna moshi."

"Nyekundu, kaka. Toka hapo, niendeshe mimi," akasema Israël. Wakabadilishana viti. Goreth akasema kwa hasira ya mama, "Ndiyo maana mimi nawaambia kila siku." Hakufikiria zaidi ya hapo. Walipofika, Peguy alisema atabaki kwenye gari alale kidogo.

Sebuleni kwa Mzee Protas viti vilipangwa pande mbili. Maombi yalifanyika, vitenge vikakunjuliwa, blanketi likashikwashikwa. Shangazi wa Lulu, Sesilia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika barabarani, ndiye aliyekuwa akiwachokoza wageni.

"Hawa wa ng'ambo ya ziwa nimewasikia habari zao. Kijana wao akifika kazini, mama anapiga simu. Akila, mama anapiga simu. Sasa usiku wa harusi itakuwaje?"

Watu wakaangua kicheko, na Goreth naye akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alimtazama Lulu aliyekuwa ameketi kati ya shangazi zake, macho chini, tabasamu limemshinda kulificha. Moyo wake ukatulia. Huyu mtoto amefika, aliwaza, sasa amefika.

Mzee Protas akafungua utepe, akatoa chupa ndani ya boksi, akampa Israël.

"Kijana, Kigoma na Uvira ni ziwa moja. Unajua desturi. Anayeleta kinywaji anaonja kwanza, watu waone hakijatiwa kitu."

"Baba, mimi mtu wa Fanta," akasema Israël. "Lakini leo, kwa ajili ya Lulu, nakunywa hata petroli."

Vigelegele. Israël akafungua kifuniko, akainua chupa juu ili amimine kwa madaha, kama alivyoona wengine wakifanya. Chini ya chupa, upande ulioelekea kwa mama yake, palikuwa na nukta ya kijani.

Goreth aliiona, na kwa muda hakusikia tena kelele za watu. Nukta ilikuwa imeenda pembeni kidogo, kama anavyoiweka yeye siku ambazo mkono umechoka. Aliisikia redio kichwani. Aliona gilasi inajaa.

"Tuombe kwanza," alisema.

"Tumeshaomba, mama," akasema Mzee Protas.

"Basi tule kwanza. Watoto wana njaa."

"Mama mkwe!" Sesilia akapaza sauti. "Kinywaji mmeleta cha kuangalia kama televisheni?"

Watu wakacheka tena. Israël akachukua gilasi. Goreth akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kurekebisha kitambaa cha meza. Alikuwa ameshapanga: atagusa gilasi, itamwagika, na chupa itafuata chini. Atasema samahani, mikono ya kizee. Watafuta sakafu, wataleta soda, na harusi itaendelea. Hakuna mtu atakayejua kitu mpaka siku ya kufa kwake.

Mkono ulikuwa karibu kufika. Ndipo sauti ya Peguy ikamrudia, sauti ya mtu asiyetania: Robot iko rangi gani?

Akiimwaga kimyakimya, nani atakwenda kumwangalia Peguy? Wataendelea kusema amelewa. Wataacha alale.

Goreth akasimama.

"Israël, weka chini. Usinywe. Hiyo chupa nimeiosha mimi."

Israël alimtazama kana kwamba amepandwa na mapepo. "Maman, unasema nini?"

"Chini yake iko rangi yangu ya kijani. Nimeiosha jikoni kwangu nikampa mtu, ikiwa tupu. Whisky ya kweli ilishanyweka zamani. Kilicho ndani sijui ni nini, na wewe hujui, na aliyekuuzia hajui. Peguy alikunywa ile ya pili?"

"Jana," akasema Israël, akaiweka gilasi mezani.

Wakatoka mbio mpaka kwenye gari. Walimkuta Peguy kwenye kiti, amekaa wima, macho wazi, jua la saa tisa limempiga usoni.

"Ni nani?" aliuliza. "Israël? Mbona giza limeingia mapema hivi?"

Mzee Protas mwenyewe, na suti yake mpya ya mahari mabegani, ndiye aliyeendesha mpaka hospitali. Daktari aliuliza kijana amekunywa nini, na Goreth akaeleza yote mbele ya wakwe, chupa, lebo, mchele, Doudou. Daktari alisema kwamba kama wangemwacha alale, asingeamka. Peguy aliamka. Macho yake ndiyo hayakuamka naye. Jicho moja linaona kivuli cha mtu, lingine halioni hata kivuli.

Siku chache baadaye alikuja mkaguzi wa pombe, mwanamke wa Kizulu mwenye faili na viatu vya kutembelea mbali. Lulu alikuja kutafsiri, bila kumwambia baba yake. Goreth alihofia kunyang'anywa karatasi yake ya ukimbizi, kwa hiyo alianza na neno lake lile la siku zote, kwamba yeye anaosha chupa tu, mambo ya leseni ni ya wenye viwanda.

Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akazungumza polepole, na Lulu akatafsiri akiwa hamtazami Goreth.

"Anasema, mama, kiwanda chenye leseni mtu akiumia wanajua wagonge mlango gani. Hii pombe haikuwa na mlango. Anasema, mlango wake ulikuwa hapa, jikoni kwako."

Goreth akatoa jina la Doudou na mahali pa gereji. Huko walikuta mapipa ya spiriti ya kuondolea rangi ya mbao, mashine ndogo ya kubana vifuniko, na chupa zimejipanga safi kama sahani za sikukuu, zenye nukta nyekundu, zambarau na kijani. Jirani zake wawili hawamsalimii tena, maana nao waliitwa wakaulizwa. Karatasi yake bado anayo, lakini aliambiwa ataitwa tena kujibu, na hajui siku hiyo atatoka mlango upi, wa nyumbani au wa jela.

Mzee Protas alirudisha vitenge, suti na blanketi. Hakutukana. Alisema tu, "Nyumba yangu haiwezi kuzungumza harusi sasa. Mama wa kijana aliokoa mtoto wake mezani kwangu. Lakini ilikaribia kuwa gilasi yangu." Israël alivipokea, akavirudisha kwa mama yake. Anakula kwa mama yake, analala kwa mama yake, ila simu yake hapokei tena njiani. Goreth anapiga, inaita, inakatika.

Wamama wenzangu, mnaofunga mlango kwa kufuli tatu na kupiga simu kila saa, angalieni na kile kinachotoka mlangoni kwenu. Mtu akikuambia osha na usiulize, au tunza hili boksi la sigara, au nipe jina lako nipitishie mzigo bandarini, muulize leseni yake iko wapi. Akicheka, mfungie mlango.

Peguy sasa anakaa saluni Glenwood, kwenye kiti cha karibu na mlango, anazungumza na wateja. Jioni Goreth anakwenda kumchukua, anamshika mkono, wanapanda kilima pamoja. Kwenye njia panda kubwa wanasimama na watu wengine, magari yanapita mbele yao.

"Robot iko rangi gani, Mama?" Peguy anauliza. Anauliza kwa utani, kama zamani, kwa kuwa ni mtoto mwenye moyo mzuri.

Goreth anatazama juu. Taa imebadilika, watu wameanza kuvuka. Neno "kijani" limefika mdomoni na halitoki.

"Tupite, mwanangu," anasema. "Tupite."