Bakuli la Roho ya Voahangy

Wewe ungefanya nini, kama mwili wa rafiki yako umerudi nyumbani na roho yake imebaki mtoni? Ndivyo ilivyokuwa kwa Voahangy. Mtumbwi ulipopinduka mama yake alizama, yeye akaokolewa, ila tangu siku hiyo hakula wala hakusema. Alikuwa na miaka kumi na minne, nami vilevile.

Kwetu Imerina, roho iliyopotea huitwa na anayeipenda kuliko wote, kwa bakuli jeupe lililopakwa asali. Mwitaji haruhusiwi kulia, maana roho ikisikia kilio hudhani ni mazishi yake, ikaenda zake.

"Utaweza wewe, Bakoly? Wewe unayelia hata kuku akichinjwa!" shangazi yake Voahangy alinitania.

"Nitaweza, shangazi."

Nikapiga magoti ukingoni mwa mto, nikachota maji kwa bakuli. "Voahangy, njoo, wali umeiva!"

Maji yakanijibu kwa vicheko viwili, cha msichana na cha mwanamke mzima. Kile cha pili nilikitambua. Ningeweza kuinuka nikaondoka. Lakini niliita tena na tena, macho makavu, mpaka kicheko cha msichana kikanyamaza na bakuli likawa zito mikononi mwangu.

Nyumbani Voahangy alikunywa maji ya bakuli, akafumbua macho, na nyumba nzima ikashangilia. Yeye akageukia ukuta siku tatu, nami nikikaa miguuni pake nikimsugua nyayo. Siku ya nne akanishika mkono.

"Bakoly, nakupenda, dada yangu," akasema. "Lakini nilitaka kubaki na mama."