Siku ya Bure Iliyofutwa

Corliss alipoliona lile pikapu la kijani kwenye foleni, alijua asubuhi yake imeharibika. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akikaa katika kibanda cha lango la magharibi la hifadhi moja ya taifa jimboni Montana, Marekani, na dereva yule alimfahamu vizuri: Harlan, mume wa marehemu dada yake, Ione.

Harlan alishusha kioo. "Leo siku ya kuingia bure, shemeji. Fungua."

"Ilikuwa. Sheria mpya imeifuta tangu Januari. Unajua."

"Najua sana. Nilikuona kwenye televisheni umekaa mbele ya wabunge na kofia yako, unawaambia watu wa siku za bure wanaacha takataka." Alicheka kwa dharau. "Dada yako naye alikuwa takataka?"

Kila Agosti Ione alikuja siku hiyo, maana ndiyo pekee aliyoimudu. Aliyoyasema kule Washington yalikuwa kweli: foleni za maili tatu, vyoo kufurika, watu kuwasogelea nyati wapige picha. Lakini watu kama Ione hakuwataja. Hakuulizwa, naye akanyamaza.

"Nitakulipia mimi," alisema kwa sauti ya chini.

"Walipie waliokutuma." Harlan alinyanyua kopo la kahawa lililokuwa kitini pembeni yake. "Dada yako yumo humu, majivu. Alitaka nimmwage kule ziwani, siku yake, bila kumpigia mtu magoti. Basi ataishia hapa kwako."

Honi zililia nyuma. Harlan akashuka, akafungua kopo, akamwaga majivu ya mkewe kwenye lami chini ya dirisha la kibanda. Kisha akageuza gari akaondoka, wala hakumtupia jicho.

Corliss alitoka, akapanga koni kuyazunguka majivu, akawaelekeza madereva wahamie njia ya pili. Wakamtukana. Mmoja akamwita mvivu anayekula kodi zao. Mkuu wake akauliza kwenye redio kwa nini njia imefungwa.

"Hapa hapapiti gari," alijibu, akaizima redio.

Alisimama pale mpaka upepo wa alasiri ulipoyapeperusha, mengine yakivuka kizuizi, mengine yakimganda viatuni. Wiki hiyohiyo aliacha kazi. Alimpigia Harlan simu mara nyingi kumweleza hayo. Harlan hakupokea hata moja.