Mlango wa Kufunga Mimba

Maalim Awadhi alipokufa, ndugu zake wa Nambambo waliulizana nani atachukua mikorosho na nani atachukua baiskeli. Kitabu hakikuulizwa na mtu. Kilibaki katika sanduku la bati mvunguni mwa kitanda, kimefungwa kwa kipande cha kanzu kuukuu. Juu ya kitanda hicho akabaki mjane wake, Bi Sabaha, naye amefungwa kwa eda ya miezi minne na siku kumi.

"Eda si jela," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wanawake aliowafundisha alifu na be miaka ishirini. Sasa zamu ilikuwa yake, na askari wake alikuwa wifi yake Mwamina, dada wa marehemu, aliyehamia na mkeka wake akautandika sebuleni mbele ya mlango. Kila asubuhi Mwamina alitia punje moja ya hindi ndani ya kopo, kuhesabu siku.

"Wifi, wapi huko?"

"Chooni."

"Jifunike basi. Na usikae sana, watu watadhani umetorokea ng'ambo."

Binti wa Bi Sabaha, Shakila, alikuwa amekuja msibani kutoka Ruangwa akiwa na mimba ya miezi sita kasoro. Mimba mbili kabla ya hiyo zilitoka, zote mwezi wa saba. Alikaa na mama yake siku kumi na tano, na kila siku alipoinuka kwenye kiti aliinuka kwa kushika tumbo, kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Bi Sabaha alimtazama. Akaswali, akaomba, akatazama tena. Mwisho mkono wake ukaenda mvunguni.

Kitabu hicho kiliandikwa na babu yake Awadhi kwa mkono, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino wa zamani uliogeuka rangi ya kutu. Sura zake aliziita milango: mlango wa kuita kilichopotea, mlango wa kuondoa hasadi, mlango wa kufunga mdomo wa adui. Bi Sabaha aliishia darasa la saba, lakini herufi hizo alizijua toka chuo cha Kurani. Miaka yote ya ndoa alimkorogea mumewe zafarani ya kuandikia makombe ya kunywesha wagonjwa, ila ndani ya kitabu hakuwahi kutia jicho. Awadhi alikuwa akisema, "Hiki hakisomwi kwa haraka, Sabaha. Kinasomwa na mtu aliyeshiba subira."

Ukurasa wa kwanza ulionya: anayeanza awe na udhu, na asianze na kubwa. Akaanza na kuku. Alikuwa na tetea mweusi aliyepotea tangu matanga. Kitabu kikamfundisha hesabu: alifu ni moja, be ni mbili, jimu ni tatu, dali ni nne, ukusanye herufi za jina la mtu na jina la mama yake, uondoe kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yake. Hapo akakwama. Kuku mama yake nani? Akatumia jina lake yeye mwenye kuku, akaandika kikaratasi, akakichomeka kwenye dari ya banda. Siku ya tatu tetea akarudi.

"Alikuwa kwa kina Jamali," alisema Mwamina. "Walikuwa wanampa pumba. Juzi wamefunga mashine ya kusaga, karudi kwenye njaa yake."

Bi Sabaha akamfungia tetea bandani. Lakini alipokwenda kuswali alasiri, moyo wake ulikuwa umenyanyuka kidogo, na aliliona hilo, akaliombea msamaha. Yapo maneno humo yaliyokuwa aya za Kurani, hayo aliyasoma kwa raha. Yapo majina asiyoyajua ni ya nani, hayo akayaruka, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Akajiambia: nikiyatoa mawe, kinachobaki ni mchele tu.

Siku ya kumi na nne akaufikia mlango aliokuwa akiutafuta. *Mlango wa kufunga mimba.* Kitabu kilitaka uzi mweusi wa pamba, mafundo saba, kila fundo na kisomo chake, kisha mwanamke avikwe kiunoni. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: *Na mimba hiyo haitatoka mpaka aliyefunga afungue.*

Haitatoka! Machozi yalimtoka Bi Sabaha. Akamwita Shakila chumbani, akamsomea mstari huo kwa kidole, neno kwa neno, akamfunga uzi.

"Usiuvue. Mtu asiuguse. Siku ikifika nitaufungua mwenyewe."

"Na shangazi nimwambie?"

"Shangazi yako ni redio. Nyamaza."

Shakila akarudi Ruangwa kwa mumewe Nurdini. Mwezi wa saba ukaingia ukapita. Wa nane ukapita. Kila Shakila alipopiga simu alicheka, na Bi Sabaha akawa anafungua kitabu kila baada ya alasiri, mlango mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyepewa funguo za nyumba asiyoijua.

Wa tisa ukatimia. Siku waliyopewa kliniki ikafika, ikapita. Wiki ikapita. Ya pili nayo.

Siku ya mia moja na kumi na saba Bi Sabaha aliurudia mlango ule, akausoma tena ule mstari, na safari hii neno likageuka mbele ya macho yake kama nyoka anavyogeuza tumbo. *Haitatoka.* Watu wa huku mimba ikiharibika husema imetoka. Lakini na mtoto akizaliwa, si anatoka? Yule babu alikuwa anafundisha kulinda, au alikuwa anafundisha kumfungia mwanamke mtoto ndani? Akapekua haraka kuutafuta mlango wa kufungua. Ulikuwepo, kichwa chake tu. Chini ya kichwa mchwa walikuwa wamekula ukurasa mzima, wakaacha kingo, kama fremu ya dirisha.

Akakifunga kitabu. Aende wapi? Yuko edani. Amwambie nani? Ni yeye aliyekuwa akiwakataza wanawake wa darasa lake wasiende kwa waganga. Akirudi kwa Mungu atasema nini, kwamba aliruka mawe?

Kesho yake, saa tatu asubuhi, simu ikalia. Mwamina akaiwahi, akaweka sauti ya nje kama kawaida yake.

"Mama, Nurdini hapa. Tuko hospitali. Daktari anasema apasuliwe leo leo, mtoto kachoka. Mwenzangu hataki."

"Hataki nini?"

Sauti nyingine ikaingia, ya mwanamke mwenye haraka. "Mama, shikamoo, naitwa Eva, ni nesi. Ana kiuzi kiunoni. Kule ndani haingii nacho, na sisi hatuwezi kumkatia kwa nguvu. Ongea naye."

Mwamina alimgeukia Bi Sabaha polepole. "Kiuzi?"

Bi Sabaha akaishika simu kwa mikono miwili. "Shakila, mwanangu, waache wakate."

"Hapana, mama." Sauti ilikuwa ya kuchoka, lakini haikutetereka. "Ulinisomea mwenyewe kwenye kitabu cha baba. Afungue aliyefunga. Vichanga viwili nimezika, mama. Hiki kikifa kwa sababu ya mkasi wa mtu, utanijibu nini?"

Simu ikakatika. Punje za Mwamina zilikuwa pale dirishani, mia na kumi na nane ndani ya kopo.

"Umefungua kitabu cha kaka yangu," alisema Mwamina.

"Nimekifungua."

"Ukiwa edani."

"Nikiwa edani. Na sasa natoka. Ni mchana na ni dharura, Mungu anajua. Ukitaka kunizuia, nizuie."

Mwamina alisimama mlangoni, mwili wake wote umejaa pale. Kisha akanyoosha mkono, akachukua mwavuli ukutani. "Peke yako hutoki. Mtu wa eda lazima awe na shahidi."

Walikodi gari dogo. Njia nzima mpaka Ruangwa Mwamina alishikilia mwavuli ndani ya gari, ameufungua nusu, kumkinga wifi yake na macho ya watu, na dereva hakuona kioo cha nyuma hata kidogo. Bi Sabaha chini ya mwavuli alikuwa na giza lake. Alisoma kila dua aliyoijua. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye kitabu.

Shakila alikuwa amelala ubavu. Uzi ulikuwa umezama kwenye nyama ya kiuno, jasho la miezi mitatu limeukaza, mafundo yamekuwa kama mbegu za ufuta. Bi Sabaha akapiga magoti. Akafungua la kwanza kwa kucha. La pili likavunja kucha. Akainamisha kichwa, akajaribu kwa meno, mama mzima, nguo za eda zinafagia sakafu ya hospitali.

"Mama," alisema nesi Eva, na sasa hakuwa na haraka tena, alisema taratibu, na hiyo ilitisha zaidi. "Mapigo ya mtoto yanashuka. Mkasi huu hapa."

Bi Sabaha aliutazama mkasi. Afungue, kitabu kilisema. Hakikusema akate. Na mtoto akifa baada ya mkasi, ni yeye; akifa kabla, ni yeye pia.

"Shakila. Nitazame. Nilikisoma vibaya. Lile neno lina njia mbili, mimi nikashika niliyoitaka. Kitabu sikijui, mwanangu. Nilirudisha kuku mmoja nikajiona mwalimu."

"Lakini aliyefunga ndiye..."

"Aliyefunga ni mimi. Mwenye kufungua ni Mungu."

Akasema Bismillahi, akakata. Shakila akapiga ukelele kana kwamba amekatwa yeye. Kisha akalegea, akasema, "Nipelekeni."

Bi Sabaha alikaa kwenye benchi, uzi ukiwa kiganjani, mafundo sita hayajafunguliwa. Adhuhuri ilipoadhiniwa mbali huko mjini, Nurdini alitoka mbio bila viatu. "Wa kike! Analia huyo, mama, analia kama honi!"

Bi Sabaha akasujudu pale pale. Alipoinua kichwa, Mwamina alikuwa tayari na simu sikioni. "...kafungua, nakwambia! Kwa mkono wake! Fundo limekatika tu, mtoto huyoo!"

"Mwamina, wamempasua. Madaktari wamempasua."

"Wangempasua vipi kabla hujafungua?"

Bi Sabaha akayahesabu mafundo kiganjani. Yalikuwa sita bado. Akakifumba kiganja.

Walifika Nambambo jua likiwa bado juu, maana mtu wa eda hulala kwake. Kibarazani alikuwa amekaa mwanamke wa Naipingo, Ashura, na jogoo kamfunga miguu. Kando yake binti mwenye tumbo la miezi mitano, macho chini.

"Bi maalim," Ashura akainuka, "hongera ya mjukuu. Tumeletwa na shida kama yako."

"Mimi si maalim. Mpeleke kliniki, dada yangu. Mimi kitabu sikijui, nacho kinaondoka humu ndani."

"Kitabu ni cha warithi," alisema Mwamina nyuma yake, akikunja mwavuli. "Mimi dada mtu. Hakiondoki."

"Anayejua hasemi anajua," alisema Ashura kwa upole, akaweka jogoo karibu na kizingiti.

"Niko edani!" Bi Sabaha alisema, na alishangaa kujisikia analishika neno hilo kama mtu anavyoshika mti mtoni. "Niko edani, sipokei mtu."

"Haya, bi maalim. Tutasubiri." Ashura akakaa tena, akamvuta binti yake akae. "Zimebaki siku ngapi?"

Bi Sabaha aliingia ndani, akasukuma mlango. Kabla haujajifunga alimsikia Mwamina akitikisa kopo la punje, akijibu kwa niaba yake:

"Kumi na mbili."