Sentensi ya Mwisho ya Orrin Haskett

Kwanza lilikuja vumbi. Kabla Orrin Haskett hajaingia jukwaani, vumbi lilipanda kutoka kwenye mbao, likazunguka juu ya taa za gesi, likangoja. Miaka arobaini lilimngoja hivyo, Boston mpaka New Orleans. Na sauti yake, watu wanaapa, iliwahi kusimamisha mvua ya Memphis, matone yakaning'inia hewani yakisikiliza.

Lakini sasa maneno yalikuwa yanamtoroka. Moja leo, mawili kesho, kama wageni walioona chakula kimekwisha. Mwenye ukumbi pale Cincinnati alishamwambia: ukisahau tena, jina lako nalibandua ukutani. Na Orrin bila jina ukutani ni nani? Koti tu, na ndani ya koti, upepo.

Waigizaji wana mwiko wao. Sentensi ya mwisho ya mchezo mpya haitamkwi mazoezini, wala haiandikwi katika daftari la mkumbushaji, yule anayewanong'onezea waigizaji maneno waliyosahau. Huachwa mpaka watazamaji waketi. Ukiumaliza mchezo mbele ya viti vitupu, nao unakumaliza.

Ijumaa asubuhi, katika mazoezi ya mchezo mpya humo Cincinnati, kwa hofu ya kusahau, Orrin akaitamka.

"Zimeni taa, nimefika."

Vumbi likasikia.

"Umeisema, mzee wangu," akanong'ona Permelia, mkumbushaji, kalamu imemganda mkononi.

"Nimeionja tu, mama. Kama chumvi."

"Anayeonja chumvi ni mpishi. Wewe ni kitoweo."

Dobbs, mtu wa taa za gesi, akacheka huko pembeni. "Mimi nikisikia 'zimeni taa' nazima. Kesho usinicheleweshe, nina supu nyumbani."

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Maneno yakaja, yakaja, yakamwagika kama zamani. Ilipobaki sentensi moja, Orrin akafungua kinywa.

Kitupu.

Akamgeukia Permelia. Daftari lake halikuwa na kitu, lakini masikio yake yaliibeba tangu jana. Permelia akinyamaza, jina la mzee linabanduliwa. Akanong'ona, "Zimeni taa..."

Dobbs, mwenye masikio ya popo, akafunga gesi.

Giza. Na ndani ya giza, bila haraka, sauti ile ile ya Memphis:

"Nimefika."

Makofi, makofi mpaka chokaa ya dari ikadondoka. Taa zikawashwa. Koti lilikuwa chini, vifungo vyote vimefungwa, ndani hamna mtu.

Jina halikubanduliwa. Nani angethubutu? Na hadi leo, kabla mwigizaji yeyote hajaingia, vumbi hupanda kutoka kwenye mbao, refu kama mtu, mkono kifuani, likainama kushukuru. Halingoji tena mtu; aliyengojwa ameshafika.