Duka Alilouza kwa Simu

Ravindra, mwenye duka la vitambaa, alikuwa amewatangazia watu wote wa Mtaa wa Narung'ombe, Dar es Salaam, kwamba binti yake Tanvi atapigiwa simu kutoka London na benki ya uwekezaji. Mzee Hamud, Mwarabu wa duka la jirani, akataka kujua benki hiyo ina tofauti gani na zile za mjini, kule Posta.

"Hii siyo ya kupanga foleni," Ravindra alimjibu, kifua mbele. "Hii inanunua makampuni na kuyauza."

"Si udalali huo?"

"Udalali, ndiyo. Lakini wa kuvaa suti."

Wakacheka. Tanvi naye alicheka. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Uingereza, akisomeshwa na mjomba wake wa Leicester, na alikuja nyumbani likizo tu. Kule, asiyepata nafasi ya mafunzo ya kazi kiangazi cha mwaka huo wa pili hana ajira akimaliza, na mgeni asiye na ajira hufungashwa virago. Alikuwa ameomba benki nyingi. Ni hii moja tu iliyomjibu.

Simu ya nyumbani Kisutu ilikuwa imekufa tangu mvua za El Niño, kwa hiyo ilibidi mahojiano yafanyike dukani. Siku hiyo ya Januari 1998, Ravindra alifanya mambo ambayo hakuwahi kuyafanya. Alimwomba Awadhi, fundi wa barazani, aache cherehani kwa muda. Aliwasihi wachukuzi wapitishe mikokoteni yao ng'ambo ya pili, nao wakamtii, sijui kwa nini. Hata wateja aliwarudisha mlangoni, yeye ambaye kwake mteja alikuwa mungu mdogo. Kisha akaenda kukaa nyuma kabisa, juu ya marobota, mikono magotini, amsikilize mwanawe akizungumza na dunia.

Simu ikalia. Mwanamume wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole, na maswali yake yalikuwa ya kawaida mpaka aliposema, "Chagua biashara moja unayoijua vizuri. Niambie kama ungeweka fedha zako humo."

Tanvi alikuwa amekariri habari za makampuni makubwa ya Uingereza. Zote zikamtoka kichwani. Mbele yake zilisimama rafu za vitambaa alizozijua tangu ana meno ya utoto, akaanza na hizo. Alisema ni duka la zamani la nguo, Dar es Salaam. Viwanda vya nchini vilivyokuwa vikiliuzia mali vimefungwa. Tangu biashara iachiwe huru, mitumba na vitambaa vya Dubai vimejaa hapo nje barabarani, na mteja hana sababu ya kupanda baraza kununua kwa bei ya juu.

"Na uongozi wake?"

Ulimi hauna mfupa. Tanvi alikuwa amekwishapata moto. Alijiona hodari, na kusema kweli alikuwa hodari. Alisema tatizo kubwa la duka hilo ni mwenyewe. Anaagiza vitambaa alivyovipenda ujanani. Dunia imebadilika, yeye hataki, na hakuna wa kumwambia. Jengo lina thamani kuliko biashara iliyomo. "Ningekuwa mimi," alisema kwa Kiingereza chake kizuri, "ningelifunga kesho na kuuza nafasi."

"Vizuri sana," yule mtu alisema, na alimaanisha.

Si kwamba Tanvi hakujua kuwa baba yake anaelewa Kiingereza. Mzee alisoma gazeti la Kiingereza kila asubuhi kabla ya chai. Alikuwa amemsahau tu, na hilo lilikuja kumuuma kuliko maneno yenyewe. Katika ukoo wao hata neno kufunga halikutamkwa dukani. Jioni walisema "tuongeze duka", kwa kuogopa nuksi, ndipo wakashusha makomeo. Alipogeuka alimwona Ravindra akikunja upya jora lililokwisha kukunjwa. Hakuinua uso.

Yule mtu alikuwa na swali la mwisho, akaliuliza kana kwamba ni dogo: anacho kibali cha kufanya kazi Uingereza? Tanvi akasema ana viza ya mwanafunzi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wangemjulisha, yule mtu alisema.

"Papa," Tanvi alianza, baada ya kuweka simu.

"Umeongea vizuri," Ravindra alisema. "Hukukwama hata mara moja." Akatoka kumwambia Awadhi aendelee kushona.

Kila alipojaribu kumwomba radhi, baba alimuuliza kama amekula. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Tanvi alilala na kuamka na maneno yake mwenyewe, na aibu haikumpungua.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, kwa simu ileile. Mwanamke mmoja alimweleza kwamba majibu yake yalikuwa bora kabisa, ila mwaka huu benki haichukui watu wanaohitaji kuombewa kibali. Tanvi alikuwa bado anajifuta machozi baba yake alipoingia na Mzee Hamud, wakaanza kupima ukuta kwa futikamba.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, binti. Mimi nachukua hapa, nataka kuvunja ukuta niunganishe na kwangu. Baba yako kaniambia we ndo umemshauri. Una kichwa, mama! Hao London wamepata mtu."

"Papa, wamenikataa," Tanvi alisema. "Usiuze. Nilisema vile ili wanichukue tu."

Ravindra alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Wameyakataa uliyosema?"

"Hapana. Ni kibali."

"Basi uliyosema yalikuwa sawa."

Hakukuwa na uchungu katika sauti yake, na hapo ndipo moyo wa Tanvi ulipovunjika. Baba akampa ncha ya futikamba aibane kwenye ukuta, maana Mzee Hamud alikuwa na haraka. Tanvi akaibana.