Miguu Ndani ya Pisini

Kila Jumapili baada ya misa ya pili, Kavugho alipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka hoteli moja ya Beni yenye pisini, bwawa la kuogelea. Alilipa franga elfu kumi mlangoni, akavua viatu, akakaa ukingoni na kutia miguu ndani ya maji. Hakujua kuogelea. Alikaa hivyo mpaka saa kumi, kisha akarudi nyumbani.

Siku nyingine zote alipima kakao kwenye depo ya mnunuzi mmoja, magunia yaliyotoka Oicha na Eringeti, kutwa nzima macho kwenye mizani. Mume wake, Lusenge, aliuawa shambani miaka mitatu iliyopita. Binti yao wa pekee, Débora, aliolewa Butembo. Nyumba ilibaki na vyumba vitatu na mtu mmoja, na Jumapili ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko siku zote.

Débora aliposikia habari ya pisini, alipiga simu.

“Mama, ni kweli unalipaka elfu kumi kwa kukaa tu?”

“Ni kweli.”

“Na mu maji hauingiake?”

“Minatiaka miguu.”

“Mais mama, miguu unaweza kuitia hata mu beseni kwako. Franga za mwezi muzima zingekununulia godoro. Kama unalipa, basi ogelea. Angalau utapata faida.”

Kavugho aliona binti yake ana haki. Hata yeye kazini hakukubali gunia lililopungua kilo moja. Jumapili iliyofuata alimwongezea pesa Edmond, mlinzi wa pisini, ili amfundishe.

Edmond alikuwa mpole. Alimshika mikono yote miwili upande wa maji ya kina kifupi. “Vuta pumuzi, mama. Hapana ogopa, niko hapa.”

Wiki ya tatu aliweza kuelea. Ya tano alivuka upande ule wa kina kifupi peke yake, na Edmond akampigia makofi. Lakini sasa alirudi nyumbani macho yakimwasha na mabega yakimuuma, akipiga hesabu njiani: leo nimeongeza mita mbili, leo sikuongeza kitu. Na jioni nyumba ilikuwa kimya kuliko zamani.

Siku moja, kichwa kikiwa ndani ya maji, alielewa. Maji yalimziba masikio. Zamani, pale ukingoni, alisikia akina mama wakiita watoto waje kula, wanaume wakibishana juu ya mpira, wasichana wakicheka kwa jambo asilolijua. Hakuwafahamu, nao hawakumfahamu. Ila alirudi na sauti zao, na zilimtosha mpaka Jumatatu asubuhi.

Jumapili iliyofuata alimwambia Edmond, “Leo hapana, mutoto yangu.”

“Unagonjwa, mama?”

“Hapana. Ninataka kukaa tu.”

“Utakuwa umelipa bure.”

“Inawezekana,” alisema Kavugho, akakaa.

Jioni alimweleza binti yake.

“Donc ile yote ilikuwa ya nini?” Débora aliuliza.

“Nyumba iko kimya, Débora. Kule kuko batu, minasikiaka sauti zao.”

“Pole, mama,” alisema Débora. Kisha mtoto wake akaanza kulia huko Butembo, na ikabidi akate simu.

Wiki iliyofuata, mwanamke mmoja kijana alimwendea pale ukingoni, akiwa amebeba mtoto mchanga aliyelowa.

“Mama, unaweza kunishikia mutoto kidogo? Nitafute mukubwa wake, sijui amepita wapi.”

Kavugho alimpokea. Mtoto hakulia, alilaza kichwa begani pake na kupumua shingoni mwake kwa joto. Kavugho hakujitikisa hata kidogo, asimwamshe. Haikupita robo saa mwanamke akarudi akimburuta mvulana kwa mkono, akasema aksanti sana, akamchukua mtoto wake na kwenda zake.

Kitenge cha Kavugho kilikuwa kimelowa kifuani. Hakukikamua. Alikaa juani mpaka kikakauka chenyewe.